Dekali za manowari ndogo: namba ya omo inazungukwa na weupe wa fedha

Mwanamaji wa Mezani

Ndugu wapenzi wa modeli, salaam. Ninaunda modeli ya destroya (manowari nyepesi yenye kasi) ya Marekani, USS Kidd, namba 661, ya kipimo cha 1/350, na baada ya kumaliza kupaka rangi nimefika hatua ya kubandika dekali, zile stika za kulowekwa majini. Ubavu nimeupaka bluu nzito isiyong'aa. Namba za omo, yaani mbele ya meli, zilikaa vizuri zilipokuwa mbichi, lakini zilipokauka, utando unaozizunguka ulitoa weupe wa fedha, kiasi kwamba ukiitazama meli kwa ubavu unaona kipande cha mstatili kabla hujaiona namba yenyewe. Dawa ya kulainisha dekali niliipaka mwishoni, na haikubadilisha kitu. Imebaki picha ya yule haramia wa kwenye dohani ya mbele, ambayo inapaswa kulala juu ya mviringo, nami sijathubutu kuigusa. Naomba kueleweshwa kama kasoro iko kwenye dekali, kwenye dawa au kwenye rangi, na kama namba zilizokwisha kubandikwa zinaweza kuokolewa.

Fundi wa Dohani

Mkuu, kasoro iko kwenye rangi, wala si kwenye dekali. Rangi isiyong'aa, hata ukiipapasa ukaiona laini, ina vishimo vidogo vingi mno, na ni vishimo hivyo hivyo vinavyotawanya mwanga na kuifanya ising'ae. Ukilaza utando juu yake, hewa inanaswa ndani ya vishimo. Maji yakikauka, mwanga unagonga hewa hiyo na kurudi machoni ukiwa mweupe. Juu ya kijivu hafifu huenda usingeona kitu, ila bluu nzito haifichi. Dawa uliyoipaka mwishoni hulainisha utando, lakini ni vigumu kuitoa hewa iliyokwisha kufungiwa chini yake.

Kwa hiyo kazi ya dekali huanza kabla ya dekali. Rangi ikishakauka kabisa, puliza vanishi ya kung'aa kwa brashi ya hewa, matabaka membamba mawili matatu (mimi hutumia X-22 ya Tamiya iliyozimuliwa), kisha uiache mpaka isitoe tena harufu. Hapo ndipo unapoikata dekali, unaishika kwa kibano, unaitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde 15 hivi, na kuilaza juu ya kitambaa chenye unyevu hadi ianze kuteleza yenyewe juu ya karatasi yake. Ukiiacha ielee majini mpaka ijitenge, gundi yake huoshwa ikaisha. Mahali inapokwenda weka tone la Micro Set, dawa ya kuishikisha dekali, ambayo ukiinusa utatambua siki, uisogeze dekali kwa brashi iliyolowa, halafu unyonye maji kwa kijiti cha pamba ukianzia katikati kwenda pembeni bila kusugua. Ikishatulia, paka Micro Sol, ndiyo dawa ya kulainisha, na kuanzia hapo ondoa mikono kabisa: utando utakunjamana kama malai juu ya maziwa ya moto, utadhani umeharibika, kisha utajinyoosha wenyewe na kushika kila mstari wa bati. Anayeugusa katika dakika hizo huupasua.

Jambo dogo ambalo watu hulipuuza ni maji. Maji ya kisima, hasa ya pwani, huacha doa la chumvi ambalo juu ya bluu halina tofauti na hicho unacholalamikia. Tumia maji yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za magari. Hakikisha tu kwamba umechukua maji na siyo asidi.

Tezi Hadi Omo

Fundi ameeleza vema, ila sikubaliani naye kwamba meli nzima ipulizwe vanishi ya kung'aa. Ndege ina mabawa mapana na dekali zimetapakaa kila mahali, hivyo hapo inafaa. Destroya ina namba nne ndogo, mbili omo na mbili tezi (nyuma ya meli), pamoja na jina la meli tezini. Kila tabaka la ziada linaziba minyororo ya nanga, vifundo vya sitaha na madirisha ya duara, mambo ambayo katika 1/350 ndiyo yanayoipa modeli uhai. Funika sehemu nyingine, pulizia vipande vinavyohitaji tu, na usiwe na wasiwasi kuhusu mabaka, kwani vanishi isiyong'aa itakayopita mwishoni inasawazisha kila kitu.

La pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko vanishi, ni kuupunguza utando wenyewe. Watengenezaji wengi huchapa tarakimu tatu juu ya kipande kimoja, na nafasi iliyo kati ya 6 na 6 inabaki kuwa plastiki tupu. Zitenganishe kwa wembe mpya, ukikata karibu kabisa na wino, na ubandike moja moja. Utando usiokuwepo hauwezi kung'aa. Tatizo litakalokuja ni kuzipanga, na hapo wengi hukosea kwa kufuata ukingo wa sitaha, ambao hupanda kuelekea omo, namba zikaonekana zinapaa. Namba hufuata usawa wa maji. Bandika utepe mwembamba wa karatasi sambamba na mstari wa maji, uufanye kuwa sakafu ya kusimamishia tarakimu, na uutoe baada ya dekali kukauka.

Tazama pia kama weupe wa namba umekolea. Dekali nyingi nyeupe zikilala juu ya bluu huonekana kijivu, na kama karatasi ina tarakimu za ziada, unaweza kulaza ya pili juu ya ya kwanza ikishakauka.

Mkaa Pwani

Kabla ndugu yetu hajabandika tena, aamue kwanza anaunda Kidd ya mwaka gani, kwa sababu karatasi nyingine za dekali huwa na namba za vipimo viwili. Wakati wa vita, destroya za Marekani zilibeba namba ndogo nyeupe. Namba kubwa zenye kivuli cheusi ni za baada ya vita. Meli hii iliingia kazini Aprili 1943, ikagongwa na ndege ya Kijapani ya kujitoa mhanga karibu na Okinawa tarehe 11 Aprili 1945, ikapoteza watu 38, na iliendelea kutumika hadi 1964, hivyo sura zote mbili ni halali, kila moja kwa wakati wake. Leo ni makumbusho huko Baton Rouge, Louisiana, na imerudishwa katika sura ya 1945, kwa hiyo picha zake ni mwongozo mzuri. Ukichukua badala yake picha za Cassin Young iliyopo Boston, ya jamii hiyo hiyo ya Fletcher, utapata sura ya miaka ya 1950 na namba zisizolingana na haramia wako. Bendera nayo ihesabiwe nyota: mwaka 1945 zilikuwa 48, na zile 50 zilianza mwaka 1960.

Kuhusu bendera, mimi ninaunda Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza kwenye maji ya Unguja mwezi Septemba 1914 na kuishia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Katika 1/700 ni chombo cha sentimita 16 na nusu, na bendera nyeupe ya msalaba na tai ndiyo dekali pekee inayoonekana. Huwa nachapa pande mbili zikiwa zimeungana, naikunja katikati kuuzunguka uzi wa bendera, na ikiwa bado na unyevu naiviringisha juu ya mpini wa brashi ili ipate mawimbi. Bendera iliyonyooka kama ubao huifanya meli nzima ionekane kitu cha kuchezea.

Mwanamaji wa Mezani

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nitabaki na 1945, na nitapulizia omo na tezi tu. Je, namba zilizopo nizitoboe kwa sindano na kupaka dawa tena, kama nilivyosoma mahali fulani, au nizitoe?

Fundi wa Dohani

Kutoboa kunafaa pale ambapo kuna kiputo kimoja au viwili vinavyoonekana wazi: unachoma kwa ncha ya wembe, unaweka tone la dawa ili liingie chini, unabonyeza taratibu. Weupe wako umeenea chini ya utando wote, kwa hiyo zitoe. Bandika utepe wa kufunikia rangi, ubonyeze kwa ukucha, na uung'oe polepole kwa pembe kali ili usivute rangi. Pale ambapo dawa ya kulainisha imeshashika, lowesha kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Ukingo utakaobaki usugue kwa msasa wa majini wa namba 2000, urudishie rangi, kisha vanishi.

Nakubaliana na Tezi kuhusu kupulizia vipande tu, mradi dohani iwe mojawapo. Picha ya haramia usiilaze yote kwa pamoja. Ishike katikati ya mwili wake kwanza, iache ishikamane, ndipo upake dawa upande mmoja, na baada ya huo kukauka, upande wa pili. Jaribu dawa kwenye dekali usiyoihitaji ya karatasi hiyo hiyo, maana kuna watengenezaji ambao wino wao huyeyuka. Ikiwa kuna bomba linalopita juu ya picha, libandike baadaye. Na kama limekwisha kubandikwa, kata dekali kando yake kwa wembe ikiwa ingali imelowa, usijaribu kuipandisha juu. Vanishi ya mwisho isubiri hadi kesho yake, na pumzi ya kwanza iwe kavu na nyepesi, kwa sababu vanishi zenye tina kali zikimiminwa nyingi hula utando hata baada ya kazi yote hiyo.