Naomba ushauri: mkopo wa reli ya mjini umeahidiwa, lakini uendeshaji utalipiwa na nani?

Mjumbe wa Kamati

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya wananchi inayotoa maoni juu ya rasimu ya mpango wa usafiri wa umma katika eneo la mji mkuu, yaani jiji lenyewe pamoja na manispaa nne zinazolizunguka. Serikali kuu imeahidi kudhamini mkopo wa kujenga reli mpya, na wajumbe wengi wamekwisha kuipenda. Kinachonisumbua ni kwamba rasimu inaueleza ujenzi kwa kurasa nyingi, ilhali uendeshaji umepewa aya moja tu, isemayo kwamba nauli zitatosha. Manispaa za pembezoni nazo zinakataa kuchangia, kwa hoja kwamba wanaonufaika ni waajiri wa katikati ya jiji. Je, fedha za kudumu zitoke wapi, na mzigo ugawanywe vipi? Tumebakiwa na wiki mbili.

Mhasibu Mstaafu

Ndugu Mjumbe, heri umeiona aya hiyo mapema. Mifumo ambayo nauli zake hulipia mishahara, nishati, vipuri na matengenezo bila msaada wowote ni michache mno, na hata Hong Kong, ambayo husifiwa sana, huegemea pia mapato ya ardhi na majengo yaliyo juu ya stesheni zake na kandokando yake.

Tazama Washington. Metro yao, yaani reli yao ya mjini, ilifunguliwa mwaka 1976, lakini kwa miongo kadhaa haikuwa na chanzo chake maalumu cha fedha, bali ilitegemea michango iliyojadiliwa upya katika kila bajeti na mji wenyewe pamoja na majimbo ya Maryland na Virginia. Matengenezo yakalimbikizwa hadi mwaka 2018, pande hizo tatu zilipokubaliana kutenga kwa pamoja dola milioni 500 kila mwaka kwa ajili ya ukarabati na mitambo. Miaka 42 ni mingi kwa watu kubembelezana.

Hoja ya manispaa ina ukweli ndani yake, nanyi msiipuuze. Eneo la Paris lilianza mwaka 1971 kuwatoza waajiri mchango wa usafiri kwa asilimia ya mishahara wanayolipa, na kiwango huwa kikubwa zaidi katikati kuliko pembezoni. Kwa njia hiyo mzigo unafuata ajira zilipo, badala ya kufuata mahali mfanyakazi anapolala.

Dereva wa Zamani

Siipingi reli, ila nauliza kama mabasi yamekwisha kupewa njia zake. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilipoanzisha TransMilenio, mfumo wa mabasi yaendayo kasi katika njia zake maalumu, mwezi Desemba 2000, fedha za umma, zikiwamo za tozo ya mafuta, zilijenga njia na vituo, na kampuni binafsi zikanunua mabasi na kulipwa hasa kwa kilomita zilizotembea, hivyo dereva hakuwa tena na sababu ya kugombania abiria barabarani. Msongamano wa abiria ulikuja kuwa kero kubwa baadaye, jambo ambalo mashabiki wa mabasi, nikiwamo mimi, hupenda kuliruka.

Mlipakodi

Mnazungumza kana kwamba wananchi watakubali tozo mpya. Hawatakubali.

Mhasibu Mstaafu

Inategemea kipi kinatangulia, Ndugu Mlipakodi. Stockholm iliongeza mabasi mwaka 2005, kisha ikajaribu tozo ya msongamano, yaani malipo ya magari yanayoingia au kutoka katikati ya jiji, kwa miezi saba mwaka 2006, na magari yanayovuka mpaka wa tozo yakapungua kwa takribani moja ya tano. Kura ilipigwa baada ya watu kuona matokeo kwa macho yao. Wapiga kura wa jiji waliikubali, ingawa manispaa nyingi za jirani zilizopiga kura zake zenyewe ziliikataa, na tozo ikawa ya kudumu mwaka 2007. Sehemu kubwa ya mapato, hata hivyo, ilielekezwa kwanza kwenye barabara. London, iliyoanza kutoza mwaka 2003, ilikuwa imekwisha kufungwa na sheria kwamba mapato halisi yatumike katika usafiri. Kifungu cha namna hiyo kiandikwe kabla ya tozo ya kwanza kukusanywa.

Mjumbe wa Kamati

Nawashukuru sana. Swali la mwisho: makadirio ya gharama za ujenzi tuyaamini kwa kiasi gani?

Mhasibu Mstaafu

Kwa tahadhari. Mtafiti wa miradi mikubwa Bent Flyvbjerg na wenzake walipochunguza miradi ya reli katika nchi mbalimbali, waliona kwamba gharama zilizidi makadirio kwa wastani wa asilimia 45 hivi, huku abiria wakiwa karibu nusu ya waliotabiriwa. Ombeni rasimu irudiwe kwa hesabu hizo mbili kwa pamoja, halafu muulize ni bajeti ya nani itakayoziba pengo la mwaka wa kwanza wa uendeshaji. Kama hakuna ofisi iliyo tayari kutia saini, pendekezeni mkopo usubiri na njia za mabasi zianze.

Mjumbe wa Kamati

Nitaliandika hilo la saini katika ukurasa wa kwanza wa maoni yetu.