Sentensi za amri katika Kiingereza: kwa nini adabu yangu inasikika kama ukali?

Mpokea Wageni: Ndugu zangu, naomba ushauri. Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni jijini Arusha. Juzi mgeni kutoka Uingereza alilalamika kwamba namwamrisha kama mtoto, ilhali nilimwambia tu "You wait here, you bring passport", nikimaanisha usubiri hapa na ulete pasipoti, maneno ambayo kwetu hayamuudhi mtu. Nilikosea wapi?

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, umeponzwa na heshima yako mwenyewe. Kwa Kiswahili "leta" ni amri kavu, nasi huilainisha kwa kutanguliza kiambishi cha nafsi na kubadili irabu ya mwisho, ikawa "ulete". Kiingereza huenda kinyume: amri yake ya kawaida ni kitenzi kitupu, na ukikitangulizia "you" ni kama umemnyooshea mtu kidole. Iondoe hiyo "you". Hata hivyo, kwa mgeni usiishie hapo, kwa kuwa "please" huipaka amri sukari tu, sema "Could you wait here, please?", ambayo kwa umbo ni swali, lakini msikilizaji huipokea kama "naomba usubiri hapa". Na pasipoti ni "your passport", usiiache uchi.

Fundi Sarufi: Naongeza kosa ninalolisahihisha kila muhula: "Don't late", "Don't afraid". Kuchelewa na kuogopa kwetu ni vitenzi, lakini "late" na "afraid" ni vivumishi, hivyo lazima vibebwe na "be": "Don't be late", "Don't be afraid".

Dereva wa Watalii: Mwalimu, kwa heshima, natofautiana nawe kidogo. Tembo akilikaribia gari sina nafasi ya "could you", nasema "Sit down!" na hakuna aliyewahi kununa. Tena zipo amri ambazo ni ukarimu mtupu, kama "Have a seat" (karibu uketi) na "Help yourself" (karibu ujihudumie), ambazo ukizigeuza kuwa maswali utaonekana unasitasita kumkaribisha mtu.

Mwalimu Mstaafu: Kwa tembo nimekubali.

Mpokea Wageni: Shikamoo mwalimu, nawashukuru nyote. Pale mapokezini kuna kibao nilichokiandika mwenyewe, "You ring bell". Je, nacho nikigeuze kuwa swali?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Hapana, kibao hakimkazii mtu macho. Andika "Please ring the bell".