Watoto waliotiwa hatiani: Tanga ijengewe nyumba ya malezi na tiba?

Hoja: Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinakataza kumhukumu mtoto kifungo. Tanga tuna mahabusu ya watoto, lakini kazi yake ni kuwahifadhi wanaosubiri kesi. Mahakama ikiamuru shule ya maadilisho, yaani shule ya bweni ya kurekebisha tabia za watoto waliotiwa hatiani, safari ni Irambo, Mbeya. Tujenge hapa, au fedha ziende kwenye huduma ya kuzisaidia familia nyumbani?

Wakili, Chumbageni: Ijengwe. Mama wa Makorora atapata wapi nauli ya Mbeya kila mwezi? Ila iwe ndogo. Jimbo la Missouri, Marekani, lilifunga shule yake kubwa ya Boonville mwaka 1983, likawaweka vijana katika vikundi vya 10 hadi 12 vinavyolala, kusoma na kushauriwa pamoja.

Ustawi wa jamii, Ngamiani: Udogo sawa, jengo napinga. Mlaze aliyeiba simu mara moja pamoja na mzoefu wa kuvunja nyumba, uone nani atamfundisha mwenzake. Halafu tiba nyingi za tabia hufia getini mtoto akitoka. Ndani mtoto ana ratiba na alama za tabia njema. Nyumbani anakuta ugomvi uleule, na shule haimtaki. Ipo tiba inayoifuata familia nyumbani: mtaalamu mmoja hushika familia 4 hadi 6, kila moja miezi 3 hadi 5, na hupatikana hata usiku. Tuajiri watu hao kwanza.

Mlezi wa makao, Pongwe: Ndugu yangu wa ustawi, na yule anayeumizwa na hao hao anaoishi nao? Huyo nyumba anaihitaji. Hofu yangu ni zamu ya usiku. Mchana yupo mshauri nasaha. Saa nane usiku yupo mlinzi tu. Mtoto akianza kupiga mlango mateke, mlinzi anaita wenzake wamkabe. Kwa aliyekulia kipigo, imani iliyojengwa wiki nzima inakwisha hapo. Inatakiwa azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, akiwa pembeni bila kuziba mlango, na watoto wengine watolewe. Akishatulia, daftari lionyeshe saa na kilichotangulia, ili mshauri aanzie hapo asubuhi. Mlinzi asiyefundishwa haya asipewe zamu.

Wakili, Chumbageni: Nakubali. Na taarifa ya uchunguzi wa kijamii, ile ambayo ofisa ustawi huiandikia mahakama kuhusu mtoto na familia yake, iseme mapema nani atampokea mtoto na atasoma wapi. Mpango wa kutoka uanze wiki anayoingia.

Ustawi wa jamii, Ngamiani: Hapo nasogea kidogo. Lakini nauli ya kumfuatilia nyumbani iwe na fungu lake kwenye bajeti, lisiloguswa kwa ukarabati wala mafuta ya gari la ofisi. Bila fungu hilo, bado napinga.