Mimi ni fizio, nimeombwa kujitolea wiki tatu kwa watoto yatima wenye mahitaji maalum, nitasaidia kweli au nitaharibu?

FizioMpya:
Habari zenu wadau, naomba ushauri maana hili jambo linaninyima usingizi. Nina miaka minne kazini kama mtaalamu wa fiziotherapia, wagonjwa wangu wengi ni watu wazima wa kiharusi na mgongo, watoto niliwagusa kidogo tu kipindi cha mafunzo. Sasa kuna kikundi chetu tunataka kwenda kujitolea wiki tatu kwenye kituo cha watoto yatima na waliotelekezwa, zaidi ya nusu wana ulemavu, wengi ni mtindio wa ubongo, kuna wenye usonji, wenye Down sindromu, na mmoja ana mgongo wazi, yaani alizaliwa uti wa mgongo haujafunga vizuri.

Nilienda siku moja kuona mazingira. Naingia tu watoto watatu wakanikimbilia wakanishika miguu, mmoja akaniita mama na hajawahi kuniona maishani mwake. Wengine wamelala chali wanaangalia dari. Walezi wa zamu wawili kwa watoto kumi na nane, wanakimbizana na kazi asubuhi mpaka jioni, siwalaumu hata kidogo. Kulikuwa na binti wa kama miaka sita miguu imekaza imepishana kama mkasi, nikakaa naye nusu saa namnyoosha taratibu mpaka akalegea akaanza kucheka. Nilitoka pale na furaha kweli, ila nilipofika nyumbani nikaingiwa na hofu, wiki tatu zikiisha nani atamnyoosha? Na yule aliyeniita mama je? Niende au nisiende, na nikienda nifanye nini hasa?

MamaWaZamu:
Mwanangu nenda. Ila ngoja nikwambie tulivyowaona sisi tuliokuwa ndani, mimi nimelea kwenye kituo miaka kumi na moja.

Wanaojitolea nimewaona wengi na wote wana moyo mzuri, sisemi vibaya. Wanakuja na maputo, wanacheza na watoto, wanapiga picha, halafu siku ya mwisho wanabandika ukutani karatasi ya mazoezi, kila mtoto mazoezi kumi na mbili. Mimi nina watoto tisa wa kuogesha kabla ya saa mbili asubuhi, hayo mazoezi nayafanya saa ngapi? Karatasi inakaa pale mpaka inabadilika rangi.

Alikuja dada mmoja tofauti. Siku mbili za kwanza hakumgusa mtoto yeyote, alinifuata tu, naogesha yupo, nabadilisha nepi yupo, nalisha yupo. Siku ya tatu ndo akaniambia mama, unapombadilisha huyu unashika vifundo unavuta miguu juu, ndo maana anakaza zaidi, hebu kunja magoti kwanza, yalete taratibu kifuani, subiri alegee, halafu ndo utenganishe mapaja. Nikajaribu na miguu ikafunguka jamani, mtoto niliyekuwa napigana naye miaka miwili. Nepi nabadilisha mara sita kwa siku kwahiyo mazoezi mara sita na sijaongeza hata dakika moja. Yule dada aliondoka na mimi niliendelea kufanya hivyohivyo mpaka nilipoacha kazi.

Kwenye kulisha pia. Tulikuwa tunawalisha wamelala, kichwa kimeangalia juu, kwasababu chakula kinashuka haraka. Kumbe kinashukia mapafuni, ndo maana kifua kilikuwa hakiishi na homa kila mara, tukawa tunadhani ni baridi. Akatufundisha mtoto akae, nyonga zimekunjwa, miguu ina pa kukanyaga, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kitokee mbele na sio juu. Sikufichi mwanzoni mtoto mmoja alinichukua dakika arobaini na nilikasirika sana, lakini kupaliwa kulipungua, na yeye mwenyewe akaanza kufungua mdomo akiona kijiko.

Mdau_7:
Mi naona tofauti na wengi hapa. Hela ya nauli na malazi ya kikundi kizima wiki tatu si mngechanga aajiriwe mlezi wa tatu mwaka mzima? Watoto wanahitaji mikono ya kudumu.

TibaKwaVitendo:
Mdau_7 hoja yako ina uzito, ila mlezi wa tatu asipofundishwa atalisha mtoto amelala kama wale wawili, kwahiyo vyote viwili vinatakiwa.

FizioMpya, mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani namsaidia mtu aweze shughuli zake za kila siku, nafanya kazi na watoto tu. Kwanza hiyo ya kuitwa mama na mtu asiyekujua, naomba usiichukulie kama upendo tu, mara nyingi ni dalili kwamba mtoto hana mtu wake mmoja. Kuna utafiti mkubwa ulianza Bucharest, Romania mwaka 2000 wa watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, watoto 136 wa kwenye vituo, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi na nusu wakabaki kwenye utaratibu wa kawaida. Hawakuwa na ulemavu mkubwa, ni watoto waliokosa mtu tu, lakini bado walionekana kuchelewa akili na ukuaji, na waliopata familia kabla ya kufika miaka miwili kwa ujumla ndo walionyanyuka vizuri zaidi. Sasa chukua mtoto ambaye tayari ana mtindio wa ubongo halafu kila mwezi mgeni mpya anambeba na kumwacha. Kwahiyo mabembelezo mwachie mlezi wake, wewe kaa pembeni ya mlezi, mikono ya mlezi ndo iwe kwa mtoto na yako imsaidie mlezi.

Pili, kunyoosha nusu saa kwa siku peke yake hakutamfungua miguu yule binti. Yupo kwenye mkao fulani masaa 24, ukimnyoosha nusu saa kisha akarudi kukaa kama mkasi masaa yaliyobaki, mkasi unashinda. Angalia anakaaje, analalaje, anabebwaje. Na usivute kwa nguvu kabisa, watoto wasiosimama mifupa yao inakuwa myepesi, inaweza kuvunjika mikononi mwako. Kazi ya watoto ni tofauti na ya mtu wa kiharusi, tafuta mtu wa fizio ya watoto awe anakusimamia hata kwa simu, usione aibu.

Na huyo wa mgongo wazi waambie wenzio MAPUTO YASIINGIE, wengi wao wana mzio wa mpira wa aina hiyo, hata glavu tumieni zisizo za mpira. Miguu yake pia huenda haisikii, akikaa mkao mmoja muda mrefu anapata kidonda na halii. Na kama ana mrija wa kutoa maji kichwani, akianza kutapika na kusinzia ovyo ni hospitali hapohapo, msisubiri asubuhi.

La mwisho na kwangu ndo kubwa, omba uongozi ukwambie nani ana ndugu. Wengi wanaoitwa yatima wana mzazi mmoja au bibi au shangazi, waliletwa kwasababu nyumbani walishindwa na ulemavu. Mkataba wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, kifungu cha 23, unakataza kabisa mtoto kutenganishwa na wazazi kwa sababu ya ulemavu. Ukimfundisha bibi kulisha na kubeba bila kuumia mgongo, huenda huyo mtoto akarudi nyumbani.

NilikuliaKituoni:
Naandika taratibu kwa kidole kimoja mnivumilie. Nina mtindio wa ubongo, nimelelewa kituoni toka mdogo mpaka miaka 17. Wote mnaongelea miguu, mimi naomba niongelee mdomo.

Maneno yangu hayatoki vizuri, watu walikuwa wanadhani sielewi, wanaongea juu ya kichwa changu. Nilikuwa na miaka tisa siku ya kwanza mtu ananiuliza swali halafu ANASUBIRI jibu. Alikuwa wa kujitolea. Alinichorea ubao wa picha, maji, choo, naumwa, nje, sitaki, na akatambua kwamba nikiangalia juu ni ndiyo. Hiyo sitaki ndo niliitumia kuliko zote. Ukimuuliza mtoto hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujamjibia, kichwa kinafika mapema ila mwili unachelewa.

Halafu ageni watu. Kuna mwingine niliyempenda sana aliondoka usiku bila kusema, nilikuja kusikia hakutaka kuniona nalia. Nilikaa dirishani siku nyingi mno. Yule wa ubao alinichorea siku zake zote kwenye karatasi tukawa tunakata moja kila jioni, siku ya mwisho nililia lakini nilikuwa najua. Kama hutarudi usiseme utarudi.

FizioMpya:
Nimesoma zote zaidi ya mara moja, ya NilikuliaKituoni imenitoa machozi, asante sana ndugu yangu.

Nimeongea na wenzangu, tumekubaliana wiki moja sasa hivi halafu siku mbili kila mwezi kwa mwaka mzima, watu walewale, na hela iliyobaki tunakaa na uongozi kuona ya mlezi wa tatu. Maputo tumeyatoa. Siku mbili za kwanza nitamfuata mlezi tu. Nimepata pia mtaalamu wa fizio ya watoto atakayekuwa ananisimamia. Na nilipouliza kituoni kumbe yule binti ana bibi yake, huja kila mwisho wa mwezi, nimepanga siku zangu ziangukie hapohapo.

MamaWaZamu naomba nikuulize kitu, huyo wa kwako wa miguu kukaza usiku mlikuwa mnamlazaje?

MamaWaZamu:
Ubavu mwanangu, sio chali. Mto katikati ya magoti, mwingine mgongoni asirudi nyuma, mikono yote miwili iwe mbele aione. Mito tulikuwa hatuna, tulikunja mablanketi tukafunga kwa kamba. Na wa zamu ya usiku amgeuze ubavu mwingine kila anapopita, ila huyo wa usiku mfundishe mwenyewe uso kwa uso, usimwachie maagizo kwa wa mchana maana hayafiki.