Mjadala: Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ijengwe bustani ya michezo kama ya Margate?

Kijana wa Soweto, Mbeya: Wadau, Margate kule Uingereza ni mji wa pwani tu, lakini una bustani ya michezo iitwayo Dreamland. Treni yao ya mbao ya kupanda na kushuka ipo tangu 1920, na jengo la sinema la 1935 lina mnara unaoonekana kutoka mbali. Sisi tuna mchanga wa Matema, ziwa mbele, milima ya Livingstone nyuma. Tunangoja nini? Vyungu pekee havitailisha Kyela.

Mzee wa Tukuyu: Umesimulia nusu, kijana. Hiyo Dreamland ilifungwa miaka ya 2000, na 2008 moto ukala sehemu ya hiyo treni. Wananchi wakapigana, halmashauri ikalitwaa eneo kisheria 2013, ikafunguliwa 2015. Mwaka uliofuata mwendeshaji akazidiwa na madeni. Halmashauri yetu ina ubavu huo?

Binti Ikombe: Nimesoma hadi "vyungu pekee", nikaishia hapo. Kijijini kwetu Ikombe bibi alifinyanga, mama anafinyanga. Vyungu vinavuka kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo Jumamosi, ada yangu ya sekondari ikatoka humo. Wewe ulilishwa na nini?

Kijana wa Soweto, Mbeya: Dada, nimesema "pekee". Usinilishe maneno.

Mkazi wa Kihesa: Sufuria zimeua vyungu, tuseme ukweli. Ila Iringa boma la Mjerumani limekuwa makumbusho tangu 2016. Limepewa kazi mpya, halikubomolewa; vyungu navyo vitafutiwe kazi mpya.

Binti Ikombe: Zimeua wapi? Njoo Lyulilo uone.

Mama Mwanjelwa: Mimi navinunua kwao, nauza huku. Maharage ya chungu na ya sufuria hayafanani, na wateja wanajua. Mwanangu wa Kihesa, usiongelee biashara usiyoifanya.

Mzee wa Tukuyu: Jamani, hoja ilikuwa bustani.

Binti Ikombe: Hoja ni hii hii, mzee wangu. Kuna hoteli imezungusha uzio hadi majini, akina mama wanazunguka mbali na mizigo kichwani. Bustani ikija, mitumbwi itaegeshwa wapi?

Kijana wa Soweto, Mbeya: Uzio majini? Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Leta picha, tuzipeleke kwa diwani.

Mama Mwanjelwa: Na treni yako nayo ianzie nje ya hizo mita 60.