Kahawa kwenye tangi: nifuate saa za kipeperushi au kiganja?

ChipukiziUru:
Wakuu, shikamooni. Maelekezo ya kuchachusha kahawa iliyomenywa yanagongana: hapa saa 24, pale 36, kwingine 48. Huku Uru juu, mlimani Kilimanjaro, Agosti baridi ni kali. Anayeanza afuate zipi, na atajifunzaje kuitambua iliyo tayari?

MzeeWaKihamba:
Marahaba. Saa zinakuambia tu lini uanze kwenda kugusa. Ute, ule utelezi unaobaki kwenye punje baada ya kumenya, unamomonyolewa na vimeng'enya na vijidudu, na baridi huvichelewesha. Tangi la Moshi mjini na la Uru hayawezi kwenda sawa hata kahawa ikimenywa dakika moja.

Kuanzia saa ya 18 tangu uitie tangini, kila baada ya saa mbili zamisha mkono hadi katikati ya tangi. Juu hukaa baridi na patakudanganya. Chota konzi moja, suuza kwa maji safi, sugua kwa viganja. Ikiteleza kama bamia, bado. Ikikwaruza na kulia kama changarawe, osha saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Angalia hasa ule mfereji wa punje, ute hung'ang'ania hapo mpaka mwisho.

Na tafadhali usichanganye kahawa ya jana na ya leo. Mkono utasoma mbili kwa mpigo, na moja lazima iharibike.

ChipukiziUru:
Asante mzee. Nikijaribia kwenye ndoo kwanza?

FundiMashine:
Ndoo haitunzi joto, itachelewa kuliko tangi na utajifunza kosa. Tia kilo moja moja kwenye mifuko mitatu ya neti, izike katikati ya tangi lenyewe. Mmoja utoe mapema ukiwa bado unateleza kidogo, wa pili ukianza kukwaruza, wa tatu saa 12 baadaye. Osha na uanike kila mmoja peke yake, kisha kaanga na onja. Ule wa tatu ukitoa uchachu wa siki, ndiyo harufu ya kukariri: siku nyingine ukiinusa tangini, umeshachelewa.

Na mashine ya kumenyea isafishwe kila jioni. Punje chache zilizobaki kwenye pembe zikioza, kesho zinaingia tangini na kunukisha kahawa nzima, halafu unalaumu saa.

MzeeWaKihamba:
Naunga mkono mifuko. Funga uzi wa rangi tofauti kwa kila mmoja, kwenye ute yote hufanana.