Naomba ushauri: pancha ya ubavuni Kabale, na spea ni ile nyembamba ya dharura

Habari zenu ndugu, naomba mnisaidie mawazo haraka maana niko na mama mgonjwa na tunatakiwa Kampala.

Jana jioni mvua ikinyesha, baada tu ya kupita Muhanga kuja Kabale, tairi la mbele kushoto la Premio likapasuka, si msumari, limechanika ubavuni kama urefu wa kidole. Ukungu ulikuwa mzito hata taa za lori huzioni mpaka lifike karibu, na baridi ya huku mnaijua. Nilipigia watu wa bima wakasema gari la kuvuta litoke Mbarara na nusu ya gharama nilipe mimi, nikaachana nao. Vijana wa boda, Mungu awabariki, walishika tochi nikatoa tairi la nyuma nikalipeleka mbele, spea nikaifunga nyuma, maana gari linavutwa na magurudumu ya mbele, tukaingia Kabale polepole.

Sasa fundi hapa anasema atashona ule mpasuko aweke tyubu ndani nifike bila shida. Mimi naogopa, ubavu ndio unakunjwa kila tairi linapozunguka. Nimetafuta tairi jipya la saizi yangu sijapata, yaliyopo ni mitumba.

Tyubu ndani ya tairi lililochanika ubavuni, kuna aliyeenda nayo mbali? Na spea imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, nimeijaza upepo wa 60 psi, itafika walau Mbarara kwa zile kona zenye utelezi au ninunue mtumba hapa hapa?